Damu ya Upande Gani

Kama umeketi mahali sasa hivi ukingoja jina lako liitwe uingie kupimwa moyo, au umempeleka mtoto na wewe ndiwe umebaki nje kwenye benchi, haya nimeyaandika nikikufikiria wewe. Sitakueleza jinsi moyo unavyofanya kazi. Daktari wako atakueleza, na siku ya kwanza hutashika mengi. Mimi nilishika neno moja tu, "nene", kwamba msuli wa moyo wangu umekuwa mnene kupita kiasi, na njia nzima ya kurudi Kitengela kutoka kliniki Nairobi nililirudia neno hilo hadi likapoteza maana. Nitakueleza yaliyotupata nyumbani. Mama yangu ndiye aliyesema niyaandike, na akasema lake pia nisilifiche.

Naitwa Nasieku. Ninafanya kazi Noonkopir, hapo Kitengela, katika agroveti, duka la dawa za mifugo, chakula cha kuku na vifaranga. Tulizaliwa wawili, mimi na ndugu yangu mdogo, Leshan. Baba anaishi na ng'ombe nyumbani kwetu, mbele ya Kajiado mjini, mahali ambapo gari linakuacha barabarani na kilichobaki unakitembea. Mama alihamia Noonkopir tulipoanza shule. Alikodisha chumba, akawa anauza maziwa ambayo baba alimtumia kila asubuhi. Hawakuwa wamekosana. Familia nyingi za kwetu zinaishi hivyo siku hizi, ng'ombe huku, shule kule, na watu wanakutana Krismasi na penye sherehe.

Leshan alifariki mwezi wa kwanza, kiangazi kikiwa kimekausha kila kitu, kwenye uwanja wa mpira ulio nyuma ya nyumba tulizopanga. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na anangoja matokeo. Hakugongana na mtu yeyote. Timu yao ilikuwa imefunga bao, na yeye alikuwa anakimbia kurudi katikati ya uwanja akipiga makofi, halafu akaanguka kifudifudi. Wenzake walidhani anafurahia bao. Walimrukia wakalala juu yake wakicheka, wakirundikana mmoja juu ya mwingine, na walipoinuka yeye hakuinuka. Nimewaona vijana wale baadaye. Hakuna hata mmoja ambaye amesahau kwamba alimlalia.

Daktari aliyeupasua mwili alitueleza mimi, baba na mama tukiwa tumesimama nje ya chumba cha maiti. Alisema moyo wa Leshan ulikuwa na ugonjwa aliozaliwa nao, hata kama haukuonekana utotoni, na kwamba ugonjwa wa aina ile mara nyingi unashuka kutoka kwa mzazi. Alituomba sote twende tukapimwe. Nadhani alisema pia kwamba si kosa la mtu. Lakini mama alikuwa ameshageuka na kumtazama baba.

"Ndugu yako," mama alisema.

Baba aliinamia fimbo yake. Ndugu yake mdogo alikufa kijana, kabla mimi sijazaliwa. Walimkuta amelala malishoni, ng'ombe wamemzunguka. Kila mtu katika ukoo anaijua habari hiyo, na mama aliijua tangu alipoolewa.

Tulimzika Leshan nyumbani kwa baba. Mama alikaa hadi shughuli zilipokwisha, akafunga nguo zake, akarudi Noonkopir na hakwenda tena. Maziwa yaliendelea kuja kila asubuhi. Alikuwa akiyapokea kwa mwenye pikipiki aliyeyaleta bila kuuliza habari za aliyeyatuma.

Hatukwenda kupimwa. Nataka uelewe, kwa sababu labda na wewe hujakwenda. Gharama ilikuwa sababu, lakini zaidi ya gharama tulikuwa tumechoka kusikia habari za moyo. Mimi nilikuwa naishiwa pumzi nikibeba gunia la chakula cha kuku kutoka stoo hadi mbele ya duka, nikasema ni huzuni. Nilikuwa na kizunguzungu nikiinuka ghafla, nikasema sijala. Ndivyo tulivyomwambia Leshan pia alipolalamika: kula, kunywa maji, wacha kulala kwa jua.

Aliyetutoa hapo ni Mama Hafsa. Duka lake la nguo limepakana na agroveti yetu, tumetenganishwa na ukuta wa mabati tu, kwa hiyo tunasikiana kila kitu. Watu wake walitoka Garissa zamani, na kijana wake Abdi alikuwa akicheza timu moja na Leshan. Asubuhi moja alikuja akasimama mlangoni, akaniita nitoke nje.

"Nasieku, huyu Abdi hataki mpira tena. Hata dukani nikimtuma hakimbii, anatembea kama mzee. Wale wengine pia. Nimemuuliza, akaniambia, mathe, mimi sitaki kukufa kama Lesh."

"Sasa tutafanya nini, Mama Hafsa?"

"Wapimwe. Wote. Tuchange, tulete mashine hapa, wapimwe wajue. Mimi siwezi kuona watoto wanaishi hivi."

Nilimwambia ni vigumu. Akaniambia kila kitu ni kigumu, na wiki hiyohiyo akaanza.

Sijui kama umewahi kuona watu wa Kitengela wakichanga. Imamu alitangaza baada ya sala ya Ijumaa, mchungaji wetu akatangaza Jumapili. Madereva wa boda walipitisha kofia ya pikipiki. Wanaouza ng'ombe mnadani, ambao kiangazi kilikuwa kimewamaliza, walitoa mbuzi waliokonda. Mwajiri wangu alitoa jogoo mmoja, na siku ya mchango jogoo huyo alinunuliwa akarudishwa mezani, akanunuliwa akarudishwa, hadi akachoka kuwika. Watu walicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko mahali ambapo jina la ndugu yangu limetajwa, na sikujua kama nifurahi au niondoke. Baba alituma kondoo dume. Mama alimwona akishushwa kutoka kwenye gari, akaondoka akaenda kusimama nyuma kabisa ya watu, karibu na lango.

Pesa zilitosha kuwaleta daktari na mashine kwa siku moja Noonkopir, na zikabaki za siku ya pili. Hiyo ya pili tulikubaliana mbele ya watu wote kwamba itakuwa Kajiado, kwa watoto wa shule za mbali vijijini, kwa sababu wafugaji wa huko walikuwa wametoa mifugo yao.

Siku ya kupima mvua za masika zilikuwa zimeanza. Udongo wetu mweusi unajulikana, unashika kiatu na hauachilii. Vijana waliingia katika ukumbi wa shule wakiwa na tope hadi magotini. Wavulana walikuwa upande mmoja, na sisi wasichana tulikuwa tumetengewa kona yenye pazia. Wasichana waliogopa. Hawakutaka kufungua blauzi, na mmoja alikuwa ameambiwa kwamba mashine inachoma. Daktari, mwanamke mpole aliyevaa kofia ya sufu kwa sababu ya baridi, aliniuliza kama ninaweza kulala kwanza niwaonyeshe.

"Onyesha wadogo zako," alisema.

Nikapanda kitandani. Nilikuwa nacheka. Nilikuwa nawaambia, mnaona, ni mafuta tu ya baridi, ni kama mtu anakusugua na kijiko. Daktari alikuwa anacheka pia. Kisha akaacha kucheka. Alisogeza kile kifaa mbavuni, akakirudisha, akakikandamiza kidogo. Macho yake hayakutoka kwenye kioo cha mashine.

"Umewahi kuzimia?" aliniuliza polepole.

"La. Kizunguzungu tu."

"Kuna mtu kwenu amewahi kufa ghafla?"

Nilimwambia ni yule ambaye kwa ajili yake tuko hapa.

Daktari aliweka kifaa chini. Alinifuta mafuta mwenyewe, kwa kitambaa, kama anavyofutwa mtoto. Aliniambia nisiondoke kabla hatujaongea. Nilienda nikaendelea kugawa mkate na chai. Siku ile niligawa chai nyingi, nikiwaangalia watoto wa watu wanatoka mmoja mmoja wakiwa wazima, wanarukaruka kwenye tope. Abdi alitoka akikimbia. Mama Hafsa alilia kwa furaha na kunikumbatia, na mimi nilikuwa tayari najua.

Mama nilimwambia nyumbani, jioni, akiwa anachemsha maziwa. Alizima jiko. Alichukua simu akampigia baba, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Wa pili, unasikia? Wa pili. Damu yenu inamaliza watoto wangu."

Simu ilikuwa na sauti kubwa, kwa hiyo nilimsikia baba akipumua. Nyuma yake kengele za ng'ombe zilikuwa zinalia.

"Nimesikia," alisema. Basi.

Miezi iliyofuata niliihesabu kwa kliniki. Hospitali ilikuwa Nairobi, na kliniki ya moyo ina chumba cha kungojea ambacho jua haliingii. Watu wanaacha sweta kwenye benchi kushika nafasi wakienda kujisaidia. Hakuna anayemuuliza mwenzake anaumwa nini, kwa sababu wote mnajua, mnaulizana mmetoka wapi na mmeamka saa ngapi. Kulikuwa na mama mmoja wa Tuala aliyekuwa akimleta binti yake. Aliniona nimekunja mikono kwapani, akanipa soksi.

"Dawa hizi zinaleta baridi ya vidole," aliniambia. "Kuja na soksi kila mara. Na chai yako. Chai ya hapa ni maji ya kuosha vikombe."

Alikuwa na viazi vitamu kwenye karatasi, na tulikula pamoja kila tulipokutana. Kliniki moja hakuja. Sikuuliza. Nilimwachia nafasi kwenye benchi hadi nilipoitwa.

Kuhusu mwili, nitakuambia yale ambayo mimi sikuambiwa. Dawa zilipunguza mwendo wa moyo, na mimi mzima nikapungua nao. Kutembea kulikuwa kama kutembea kwenye ule udongo wetu wakati wa mvua, hata penye lami. Nilinenepa usoni na miguuni. Nililala mchana kama paka. Magunia niliyokuwa nikiyabeba alianza kuyabeba mwajiri wangu mwenyewe, mzee wa watu, bila kunisema, na hilo liliniumiza kuliko kama angenisema. Nyumbani mama aliniondolea ufagio, ndoo, na hata mtoto wa jirani akitaka nimbebe mama alimchukua yeye. Nilipokuwa nimelala alikuja akasimama juu yangu kusikiliza kama napumua. Nilijifanya sioni. Siku nyingine nilimkemea kwa ukali, naye akaenda kukaa nje kwenye kreti ya soda, mgongo umenigeukia.

Daktari alisema dawa peke yake hazitoshi. Kuna kifaa, kidogo kuliko kiberiti kikubwa, kinachopandikizwa chini ya ngozi karibu na bega, na waya wake unaingia hadi moyoni. Moyo ukianza kwenda ovyo, kinaupiga umeme ili urudi. Bima ingelipa sehemu. Sehemu iliyobaki ilikuwa zaidi ya chochote tulichokuwa nacho.

Na pesa zilikuwepo. Zilikuwa kwa Mama Hafsa, zinangoja siku ya Kajiado.

Mama alikwenda kumwona. Mimi nilikuwa dukani kwangu, upande huu wa mabati, nimeshika kopo la kuchotea chakula.

"Mama Hafsa, nimekuja kama mzazi. Ile pesa ya Kajiado. Mtoto wangu yuko hapa na ugonjwa umeonekana. Hao wengine hata hatujui kama wanaumwa."

"Mama Nasieku, hiyo pesa si yangu."

"Ilichangwa kwa jina la mtoto wangu!"

"Ilichangwa kwa watoto. Nikikupa, mzazi mwingine atakuja na mtoto wake, na mwingine. Halafu wale wa Kajiado tutawaambia nini? Walitoa mbuzi zao." Sauti yake ilianza kukatika. "Niulize kitu kingine chochote. Niulize duka hili."

"Wako amepimwa, yuko sawa. Ndiyo unaweza kuongea hivyo."

Nilisikia viatu vya mama vikiondoka. Watu wakisikia habari hii huniambia kwamba bila shaka mimi nilikuwa upande wa Mama Hafsa. La. Nilikuwa nimesimama pale nikimwomba Mungu ili Mama Hafsa aseme ndiyo. Nilizitaka pesa zile. Nilitaka kuishi, na sikuwajua watoto wa Kajiado.

Siku ya Kajiado ilifanyika. Sikwenda. Nilisikia kwamba walimpata msichana mmoja mwenye valvu ya moyo iliyoharibika, na kwamba alianza matibabu mapema. Nilipoambiwa nilisema asante Mungu, na sikuwa namaanisha. Leo ninamaanisha. Mama na Mama Hafsa hawakusalimiana tena, na mimi nilikuwa katikati, kwenye duka lenye ukuta wa mabati.

Baada ya muda si mrefu baba alikuja Noonkopir. Alifika mchana akiwa amevaa koti juu ya shuka, fimbo mkononi. Niliinamisha kichwa akanigusa, kama ilivyo desturi yetu, lakini safari hii mkono wake ulikaa kichwani pangu kwa muda. Mama alimpa kiti na chai, akatoka nje. Baba alifungua shuka akatoa pesa zilizofungwa kwa kitambaa, akaziweka kitandani.

"Papa, umeuza nini?"

"Wale waliobaki na nguvu."

"Na wewe utabaki na nini?"

"Nitabaki na wewe," alisema, akanywa chai yake.

Kiangazi kilikuwa kimeshamwachia ng'ombe wachache, na sasa aliuza madume na mitamba aliyokuwa akitegemea kuanza nayo tena. Alikaa hadi chai ikaisha, akatoka, akapita mbele ya mama.

"Ngoto Nasieku," alimwita, mama yake Nasieku, jina analomwita tangu nizaliwe. "Mimi naenda."

Mama aliendelea kupepeta maharagwe.

Walinipandikiza kifaa wakati wa mvua za vuli. Operesheni yenyewe siikumbuki, nakumbuka dari. Baadaye kulikuwa na uvimbe chini ya bega, mgumu, wenye kingo, na kovu linalowasha hali ya hewa ikibadilika. Sikuweza kuinua mkono kuchana nywele, mama alinichana. Mkanda wa sidiria ulikandamiza pale pale. Ushanga wangu wa shingoni, ule mzito wa sherehe, ulilalia kidonda hata baada ya kupona. Mama aliuchukua bila kuniambia, akaufumua wote na kuutunga upya, mwembamba, upande mmoja umepinda ili usiguse. Hakusema alikuwa amefanya nini. Aliniambia tu niuvae tuone.

Kifaa kilikaa kimya hadi mwaka mwingine. Halafu mchana mmoja nilikuwa nampimia mteja chakula cha kuku wa mayai. Nilihisi kifua kinatetemeka kama simu iliyo mfukoni, duka likaanza kuwa jeusi kutoka pembeni, nikasema, "Ngoja kidogo." Punda akanipiga teke kifuani, kutoka ndani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilijikuta nimekaa chini kati ya magunia, unga wa kuku umenimwagikia kichwani, mteja anapiga kelele.

Mama Hafsa aliingia kabla kelele haijaisha. Alinibeba yeye na Abdi hadi kwenye gari lake, akapita kumchukua mama, ambaye alipanda bila viatu. Njia yote hadi hospitali walinishika, mmoja huku, mmoja huku. Tulipokuwa tumekwama kwenye msongamano mama alinyoosha mkono juu yangu akamshika Mama Hafsa kifundo cha mkono, na hakukiachilia hadi tulipofika. Hawajawahi kuizungumzia ile siku ya pesa.

Kifaa kilikuwa kimefanya kazi yake. Moyo ulikuwa umepotea njia, kikaurudisha. Nililia kwa wiki nzima. Usishangae na wewe ukilia. Kuokolewa pia kunatisha, kwa sababu unajua sasa kwamba ule wakati ulikuwa umefika.

Daktari wa kofia ya sufu, anayefanya kazi hospitali hiyohiyo, ndiye aliyeuliza tena, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda: "Wazazi wamepimwa?"

Mama alijibu haraka. "Tunajua ni ya babake."

"Hamjui mpaka mpime. Ikitoka kwa baba, kuna watoto wa ndugu zake. Ikitoka kwako, kuna watoto wa dada zako. Kuna watu huko nje hatuwaangalii."

Baba aliitwa, akakubali. Mama alisema naye atakuja, ili asikie kwa masikio yake. Walipimwa siku moja, chumba kimoja baada ya mwingine, na mimi nikakaa katikati ya benchi nikiwa na soksi zangu na chupa ya chai.

Daktari alituita sote. Alianza na baba. Moyo wake ulikuwa mzuri, alisema, wa mtu aliyetembea maisha yake yote. Kisha akageuza kiti kumwelekea mama, akashusha sauti, na akaanza kumweleza lile neno langu, "nene".

Mama hakulia. Alifunga vifungo vya sweta yake hadi juu, akavifungua, akavifunga tena. Alisema yeye hajawahi kuumwa. Daktari alisema ndivyo ulivyo ugonjwa huu, mwingine unamwangusha uwanjani, mwingine unamwacha azeeke. Alimwandikia vidonge. Alisema kwamba hakuna mtu anayechagua anachompa mtoto.

Tulitoka nje tukaketi kwenye ukuta mfupi, chini ya jua. Baba alikuwa anachora vumbi kwa ncha ya fimbo.

"Na ndugu yako?" mama alimuuliza hatimaye. "Yule wa malishoni?"

"Nyoka," baba alisema. "Niliona alama mguuni mwenyewe. Mimi ndiye nilimfunika."

"Miaka hii yote hukuniambia."

"Hukuniuliza. Ulikuwa umeshajua." Hakusema kwa hasira. Alifuta alichokuwa amechora. "Ngoto Nasieku, sikia. Hakuna haja watu wajue hii. Huko nyumbani wanasema ni sisi. Wacha waendelee kusema. Nimezoea."

Hapo ndipo mama alipolia. Aliegemea bega la baba, mbele ya watu, jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani mwangu, na baba akawa amekaa wima kama mtu aliyepewa mtoto mchanga kumshika na anaogopa kumwangusha.

Mimi ndiye niliyelazimika kumwambia mama. "Yeyo, watoto wa dada yako?"

Mama ana dada mmoja anayeishi Isinya, ambaye ana kuku wengi na watoto wanne, na wawili wao ni wakimbiaji. Kama tungekaa kimya ili mama asinyooshewe kidole, wale wangeendelea kukimbia.

Safari hii mchango ulifanyika Isinya, kanisani, kwa ajili ya kupima vijana wa huko. Mama Hafsa alikuja na leso kubwa za kuuza. Mchungaji alipomaliza kueleza, mama alisimama. Yeye si mtu wa kusema mbele za watu. Baba, aliyekuwa ameketi upande wa wanaume, alisimama pia, akabaki amesimama tu.

"Mmesikia kwamba kijana wangu alikufa na moyo wa kwa baba yake," mama alisema. "Ni mimi niliwaambia. Si kweli. Ni damu ya kwetu, ni yangu. Niko na ugonjwa, Nasieku yuko nao, na Leshan alikuwa nao." Alilitaja jina, sisi ambao kwa desturi hatutaji jina la marehemu. "Dada, leta watoto wapimwe. Tafadhali."

Dada yake aliinuka. Alisema kwa sauti kwamba mama amemaliza watoto wake, sasa amekuja kuwaroga wa wenzake, na kwamba ni nani ataoa kwake baada ya leo. Akatoka na watoto wake. Nilisikia kuku nje. Mama alikaa chini.

Siku ya kupima, binti mkubwa wa mama mdogo alikuja peke yake, bila ruhusa. Yuko sawa. Hao watatu hawajaja, na wale wawili bado wanakimbia. Mama sasa anakunywa vidonge vyake, na mwisho wa mwezi huenda nyumbani kwa baba, ambako wanaanza upya na mitamba michache. Mimi nimerudi dukani. Sibebi magunia. Nina hofu kila nikisikia kifua kikitetemeka, na mara nyingi ni simu.

Kila Alhamisi mama anapanda gari kwenda Isinya na chupa ya maziwa. Anasimama kwenye lango la dada yake. Mwanzoni lango halikufunguliwa kabisa. Baadaye likawa linafunguliwa, lakini hakuna mtu anayemsemesha, kwa hiyo anasimama uani, anaweka maziwa chini, anawatazama watoto wakipita, anarudi. Nimemwambia apumzike, na daktari amemwambia pia. Anasema ataendelea hadi afukuzwe kwa mbwa.

Alhamisi iliyopita aliporudi alikaa kwenye kreti yake bila kuvua leso, nikaogopa, nikamuuliza kama moyo unamsumbua.

"La," alisema. "Leo alinitolea kiti."